Je, wajua kwa nini majira ya baridi huchosha hata mtu aliyekaa kwenye joto?

Kila Desemba dada yangu aliye Mombasa hunipigia simu, na swali lake huwa lile lile: "Nyumba zenu zina joto, makoti mnayo. Sasa kinachowachosha ni nini?" Miaka ya mwanzo nilimjibu kwa vipimo. Nilimwambia kwamba hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, wastani wa Januari ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri, na kwamba zipo siku zinazoshuka kupita 25. Aliogopa, akaniombea dua, na mwaka uliofuata akauliza tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu.

Baridi yenyewe ina dawa, na watu wa huku wameijua zamani. Unavaa nguo ya kubana inayofyonza jasho, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Zipo sehemu ambako gari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande. Katikati ya Minneapolis, tangu 1962, majengo yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa kwa vioo, juu ya barabara, na leo mtandao huo una urefu wa kilomita kama 15. Mtu anaweza kwenda kazini, benki na dukani bila kukanyaga theluji. Na huyo huyo, ikifika Januari, hawezi kuamka. Analala kwa muda wa saa kumi na bado amechoka, anatamani wanga na sukari, simu za ndugu anaziacha ziite. Joto analo. Kinachokosekana ni kingine.

Tazama saa ya Kiswahili. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya jua. Saa hii inafaa kwa watu waliokaa karibu na Ikweta, ambako jua haliwadanganyi: Mombasa, siku ndefu kabisa ya mwaka na fupi kabisa zinapishana kwa kama nusu saa tu. Ukisema "saa kumi na mbili jioni" kila mtu anaiona ile rangi ya anga. Hapa Minneapolis, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa 1:48 asubuhi na kuzama saa 10:34 jioni. Mchana mzima ni saa 8 na dakika 46. Mwezi Juni unafika saa 15 na nusu na kidogo. Mwislamu anayehesabu swala huliona jambo hili wazi kuliko wote: Desemba, kuanzia Adhuhuri hadi Magharibi hazipiti saa nne na nusu, na Alasiri imebanwa katikati.

Mwili nao una saa yake, na unaipanga kwa jua. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kwenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, zipo chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa kuu iliyo ndani ya ubongo. Wanasayansi walizitambua vizuri mwaka 2002 hivi. Giza likiingia, ubongo unaachilia homoni ya usiku, melatonini. Mwanga wa asubuhi ukifika, homoni hiyo inakatizwa na siku inaanza. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba kwa binadamu mwanga mkali huikatiza melatonini. Katika jaribio lao, mwanga wa kawaida wa chumbani haukutosha. Basi mtu anayeamka gizani, akaoga chini ya taa, akapanda basi gizani, kichwa chake kiko ofisini na mwili wake bado uko usiku.

Uchovu huu ukizidi huwa ugonjwa, sonona ya majira, na aliyeupa jina alikuwa mtu wa bara letu. Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg, akaenda New York mwaka 1976 kusomea udaktari wa akili, na akashangaa jinsi nguvu zilivyomwishia siku zilipofupika. Mwaka 1984 yeye na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani waliandika juu ya sonona inayokuja na majira na kuondoka nayo. Nafikiri ilihitaji mtu aliyetoka penye jua kuliona. Aliyezaliwa ndani ya giza hilo hudhani ndivyo maisha yalivyo.

Kati yetu Waafrika Mashariki huku, wanaonisikitisha zaidi ni wale wa shifti ya usiku, na ni wengi, hasa wanaotunza wazee na wagonjwa. Wanatoka kazini alfajiri, wanafunga mapazia, wanalala, na wakiamka jua limekwenda. Wiki inapita hawajaliona. Ngozi zetu pia zinadai haki yake: weusi hupunguza kasi ya kutengeneza vitamini D, na utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba Boston, iliyo kusini kidogo ya hapa, jua la Novemba hadi Februari haliitengenezi kabisa kwenye ngozi. Hilo ni la kupimwa damu na kumeza vidonge kwa ushauri wa daktari. Ila kidonge hakichukui nafasi ya mwanga, jicho halimezi.

Ndipo ndoto ya kuhama inapoingia. Januari, kila mazungumzo huishia Texas, Florida au Arizona. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti uliowauliza wanafunzi wa Michigan, Ohio na California kama wanaridhika na maisha yao. Wote walitarajia kwamba wa California wana furaha zaidi. Majibu yalikuwa sawa. Na Phoenix, ambako wengi wetu tunakuota, mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi, watu wamejifungia ndani ya viyoyozi kama sisi tunavyojifungia na mashine za joto. Hata hivyo simkatazi mtu kuhama. Ambaye sonona humrudia kila mwaka hadi anashindwa kulea watoto wake, kuufuata mwanga ni matibabu, wala asionekane mwoga.

Kwa anayebaki, dawa ya kwanza ni kutoka nje asubuhi, mara tu kunapokucha. Mwanga hupimwa kwa luksi, na ofisi yenye taa nzuri ina luksi 300 hadi 500. Nje, hata mbingu zikiwa zimefunga, ni elfu kadhaa, na theluji mpya huurudisha machoni sehemu kubwa ya mwanga unaoiangukia. Asiyeweza kutoka, ipo taa maalumu ya luksi 10,000 ambayo hukaliwa karibu nayo kama nusu saa kila asubuhi, bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, amwone daktari kwanza.

Mji mdogo wa Rjukan, Norway, umefichwa bondeni na milima, na jua haliufikii tangu mwisho wa Septemba hadi Machi. Mwaka 1928 walijengewa gari la kamba la kuwapandisha mlimani wakaote jua. Mwaka 2013 waliweka vioo vitatu vikubwa juu ya mlima, vinavyolifuata jua na kuutupa mwanga wake kwenye uwanja wa katikati ya mji. Hawakutafuta joto, walitafuta mwanga. Watu walitoka, wakasimama pale, wakainua nyuso.

Siku hizi dada akiuliza, namwambia giza. Na nimempa tarehe. Ikifika karibu na 20 Machi, mchana wake wa Mombasa na wangu wa Minneapolis hulingana, saa kumi na mbili kwake na kumi na mbili kwangu. Huku theluji bado imelala barabarani, lakini siku hiyo ndiyo ninayomwomba anipigie.