Umilisi wa muuguzi na mkunga: ni kitu gani, na mwanafunzi huufikiaje

Ukimsindikiza mwanamke kujifungua katika hospitali kubwa za huku kwetu pwani ya Kenya, iwe Lamu au Malindi, utawakuta wanafunzi. Wamevaa sare za chuo, wana kijitabu mfukoni, na mara nyingi ndio wanaompokea mama mlangoni, wakampima presha na kumwonyesha kitanda. Mamake au wifi yake aliyekuja naye huuliza kwa sauti ya chini: huyu keshafuzu, au bado anajifunza? Ana haki ya kuuliza. Jibu limo katika dhana ambayo mitaala huitaja kila ukurasa na watu wa kawaida hawaelezwi: umilisi.

Umilisi ni uwezo wa kutenda kazi sawasawa, mahali penyewe, kwa mtu mwenyewe, kwa wakati wake. Maarifa yamo ndani yake, na ujuzi wa mkono umo, ila hauishii hapo. Chukua jambo moja dogo la leba. Mwanafunzi anajua kwamba mtoto akishazaliwa, mama hudungwa oksitosini uniti 10 msulini ili kizazi kijikaze na damu isimwagike kupita kiasi. Hayo ni maarifa. Mkono wake unavuta dawa na kudunga bila kutetemeka. Huo ni ujuzi. Lakini kabla ya kudunga ameweka kiganja tumboni kuhakikisha hakuna pacha aliyebaki. Amemwambia mama anamdunga nini na kwa sababu gani. Na kondo la nyuma likishatoka hakimbilii kalamu, bali analipapasa tumbo tena kuona kama kizazi kimekuwa kigumu. Akiyafanya hayo yote bila mtu kumkumbusha, kwa mama wa saa nne asubuhi na kwa mama wa saa tisa usiku, hapo ana umilisi wa kazi hiyo moja. Wa kazi hiyo moja tu. Nyingine bado zamsubiri.

Nchini Kenya njia zinazojulikana zaidi za kuusomea uuguzi ni mbili. Stashahada huchukua takriban miaka 3, na humtoa muuguzi aliyesomea uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii kwa pamoja. Hufundishwa zaidi na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu ambacho mizizi yake ni ya 1927 na leo kina kampasi hata Lamu. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Kwa vijana wa pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi ni mojawapo ya mahali pa kuisomea. Njia zote huishia mlango mmoja, nao ni mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Asiyepita hapo hasajiliwi. Na kwa kuwa masomo yote hayo yamewekwa kwa mtu mmoja, sista anayekuzalishia mkeo usiku katika zahanati ya kisiwani ndiye huyo huyo anayechanja watoto asubuhi.

Sasa, umilisi hupimwaje? Mwaka 1990 mwalimu wa utabibu wa Marekani, George Miller, alipanga ngazi nne ambazo vyuo vingi vya afya bado vinazifuata: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha akifanya, na kileleni, anafanya kazini kila siku. Mtihani wa karatasi hupima ngazi za chini. Ya tatu hupimwa kwa mtihani wa vituo, aliouanzisha Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, na kuuchapisha 1975. Mwanafunzi hupita kituo kimoja hadi kingine, kila kimoja kwa dakika chache: hapa apime presha, pale amsaidie mama kunyonyesha, kule amfufue mwanasesere asiyepumua, huku mtahini akitia alama kwa orodha ileile kwa kila mtu. Ngazi ya nne haina mtihani wa siku moja. Huonwa na mtu aliyekaa na mwanafunzi zamu baada ya zamu.

Hapo ndipo kile kijitabu cha mfukoni kinapoingia. Kila kazi aliyofanya mwanafunzi huandikwa humo na kutiwa sahihi, na vyuo huweka idadi ambayo lazima ifikiwe. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unamtaka mwanafunzi wa ukunga awe amezalisha wanawake 40, au wasiopungua 30 ikiwa wengine 20 alisaidia tu. Idadi ni muhimu, kwa sababu hakuna aliyepata mkono mwepesi kwa kuzalisha mara mbili. Tatizo ninaloliona huanza pale kijitabu kinapogeuka kuwa ndiyo safari yenyewe. Mwanafunzi anakimbilia kitanda kichwa cha mtoto kinapotokeza, anampokea mtoto, anatafuta sahihi, anakwenda zake. Hakuwepo saa zile ndefu za uchungu, wala hakuwepo zile saa mbili za baadaye ambapo damu nyingi huponyoka kimyakimya chini ya shuka. Kijitabuni kuzalisha huko kunahesabiwa moja, sawasawa na kwa mwenzake aliyekesha na mama tangu mwanzo hadi mwisho.

Mahali pazuri pa kuuona umilisi kwa macho ni karatasi ya kufuatilia uchungu, partografu. Humo huandikwa njia, yaani mlango wa kizazi, imefunguka sentimita ngapi, moyo wa mtoto unapiga vipi, mikazo inakuja mara ngapi, presha ya mama na mengineyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya ya kazi hiyo, inayohesabu uchungu umeshika kasi kuanzia sentimita 5, na inayoweka kando ya kila kipimo kiwango cha kutahadhari.

Tuseme mama yuko katika kituo cha afya kisiwani Pate. Saa nne usiku njia imefunguka sentimita 7. Mwanafunzi anaandika. Kila nusu saa anausikiliza moyo wa mtoto na kuandika: 140, 142, 138. Saa saba usiku mama anapimwa tena, bado ni sentimita 7. Anaandika kwa mwandiko safi, kisha anarudi kukaa. Karatasi haina kosa hata moja. Sista aliyezoea kazi akiitazama atamwita: “Haya mwanangu, umeandika vyema. Sasa nambie, karatasi hii yatwambia nini?”

Inachosema ni kwamba kwa mwongozo huo wa 2020, sentimita 7 zikikaa saa 3 bila kusonga, kiwango cha kutahadhari kimefikiwa. Kalamu imekwisha kazi yake, sasa ni zamu ya akili. Je, kibofu cha mama kimejaa? Mikazo imelegea? Kichwa cha mtoto kimekaa vibaya? Mama amekunywa chochote tangu magharibi, ametembea, amebadilisha mkao? Na kwa Pate kuna swali ambalo karatasi ya Shirika la Afya Duniani haina mstari wake: maji ya bahari yakoje? Ikibidi mama avushwe hadi hospitali ya mjini Lamu, nahodha yuko, chombo kina mafuta, na maji yakipwa kitapita wapi? Mwenzake aliyeko kituo cha karibu na mjini Malindi, mwenye lami mlangoni na gari la wagonjwa likipigiwa simu, anaweza kusubiri kidogo akaangalia. Aliyeko kisiwani hana hiyo nafasi. Akingoja hadi dharura ionekane wazi, huenda bahari imeshamfungia. Basi uamuzi uleule, kwa mama wa hali ileile, una saa zake tofauti kwa kila mahali, na kuzijua saa za mahali pako ni sehemu ya umilisi. Kwangu hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi tunapowafundisha vijana kwa kitabu kilichoandikiwa mjini.

Kuna namna nyingine ya kuutazama umilisi ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa kuwa inalijibu moja kwa moja swali la yule wifi mlangoni. Mholanzi Olle ten Cate aliianza mwaka 2005: badala ya kuuliza mwanafunzi ana alama ngapi, uliza anaweza kuaminiwa na kazi gani, na chini ya uangalizi wa aina gani. Mwanzoni anatazama tu. Baadaye anafanya huku msimamizi amesimama kando yake. Kisha anafanya msimamizi akiwa karibu, akiitwa anafika. Kisha anafanya mwenyewe. Mwisho anamsimamia mwingine. Waliokulia Shela au Matondoni wanaujua utaratibu huu bila kusomea: kijana wa chombo huanza kwa kumwaga maji, akashikishwa kamba ya tanga, akapewa usukani mchana palipo shwari, na siku ya kuachiwa chombo usiku wa kusi haipangwi na kalenda bali na jicho la nahodha. Basi mwanafunzi mmoja anaweza kuwa ameaminiwa kabisa kumpima mama wa kliniki, na papo hapo awe bado anasimamiwa bega kwa bega anaposhona msamba. Jibu la kweli kwa wifi ni hili: kwa hiki anachokifanya sasa, anaaminika, kwa kile kitakachofuata, sista yupo naye.

Lakini dharura zenyewe hazina ratiba. Kifafa cha mimba, mabega ya mtoto kunasa, mtoto kuzaliwa hapumui: katika vituo vidogo vya visiwani wanaojifungua si wengi, na mwanafunzi anaweza kumaliza muda wake pale asikutane na hata moja. Ndiyo sababu huzungushwa hadi hospitali wanakojifungua wengi zaidi, na ndiyo sababu kuna mazoezi ya mwanasesere. Mazoezi hayo nayo yana siri yake, na iligunduliwa jirani tu, katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania. Wahudumu walifunzwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua, ambaye hutakiwa awe anapuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika yake ya kwanza. Walipojaribiwa kwenye mwanasesere walifanya vizuri sana. Kwenye leba, kwa watoto halisi, karibu hakuna kilichobadilika. Kisha wakabadilisha utaratibu: mwanasesere akawekwa pale pale wanapofanyia kazi, wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, tena na tena, wiki baada ya wiki. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi takriban 7 kwa kila watoto 1,000. Mafunzo ni yale yale. Kilichobadilika ni kurudia, na mahali pa kurudia. Semina ya hotelini ya siku tatu, yenye cheti na picha ya pamoja, mimi sioni kama inaweza kushindana na dakika tano za kila Jumatatu leba.

Upande wa mwenendo watu huuona kama pambo, na mimi nauona kama nguzo. Utafiti wa mradi wa Heshima, uliofanywa katika vituo 13 nchini Kenya na kuchapishwa 2015, ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano alivunjiwa heshima kwa namna fulani alipokwenda kujifungua. Kwetu huku, ambako stara ni jambo la kufa na kupona, mama aliyefunuliwa mbele za watu au aliyepigiwa kelele hatarudi, na atawaambia dada zake wasiende. Mimba ijayo atajifungulia nyumbani, na damu ikimzidi huko, ule ujuzi wote wa hospitalini hautamfaa. Kwa hiyo mtahini anayempa mwanafunzi alama zote kwa mkono mwepesi, ilhali hakuvuta pazia wala hakumwomba mama ruhusa, amepima nusu ya kazi. Kuvuta pazia na kuomba ruhusa viwemo kwenye orodha ya alama, na anayevikosa arudie kituo hicho.

Na haya yote yanafundishwa na nani? Mwalimu wa chuo huja wodini mara moja moja. Anayemlea mwanafunzi kila siku ni sista wa zamu, ambaye kwa kawaida ana wagonjwa kuliko mikono yake, hakupewa mafunzo ya kufundisha, na halipwi kitu kwa kazi hiyo. Akizidiwa, mwanafunzi hugeuka kuwa wa kutumwa: peleka damu maabara, lete faili, tandika kitanda cha nne. Siku nzima yaweza kupita hivyo, na jioni kijitabu kikatiwa sahihi kwa haraka. Kuna jambo ambalo msimamizi wa wodi anaweza kulifanya bila kusubiri bajeti ya kaunti: kila zamu, jina la sista mmoja liandikwe ubaoni kuwa ndiye mlezi wa wanafunzi leo, apunguziwe mgonjwa mmoja au wawili, na kabla ya zamu kwisha akae na kila mwanafunzi kwa dakika kumi amuulize amefanya nini, kipi kimemtatiza, na kesho anataka aaminiwe na nini.