Pesa Zisizodaiwa: Kuona Jina Lako Hakutoshi

Malalamiko mengi yanayotufikia siku hizi ni ya watu wa aina mbili: aliyesikia kwamba serikali imemeza pesa za marehemu babake, na aliyetumiwa ujumbe wa simu unaomtaka alipe "ada ya kufungua faili" ili pesa zitoke. Wa kwanza hakuelezwa sawasawa. Wa pili ametapeliwa. Kudai pesa kwetu sisi, Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa ya Kenya, yaani UFAA, ni bure.

Sheria ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, Nambari 40 ya mwaka 2011, haikuifanya serikali kuwa mwenye pesa hizo. Akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila kuguswa, salio la pesa za simu likikaa miaka 2, au mshahara ambao haukuchukuliwa ukipitisha mwaka 1, taasisi inayozishikilia hutakiwa kumtafuta mwenyewe. Asipopatikana, pesa huletwa kwetu na kuwekwa katika hazina ya amana. Haki ya mwenyewe haina tarehe ya kuisha.

Taasisi hufunga hesabu za mali hizo tarehe 30 Juni, na ripoti pamoja na pesa zenyewe zinatakiwa kutufikia ifikapo tarehe 1 Novemba. Asiyeripoti hutozwa kati ya shilingi 7,000 na 50,000 kwa kila siku anayochelewa, na asiyewasilisha mali huongezewa asilimia 25 ya thamani yake. Adhabu hizo ni za benki, sacco, kampuni za bima, kampuni za simu na waajiri. Hazimhusu mwananchi. Nimelazimika kulisema hili kwa sababu wapo wanaoogopa kudai, wakidhani watatozwa faini kwa kuitelekeza akaunti. Hakuna kosa kama hilo.

Kutafuta ni jambo la dakika chache: piga *361# au tumia tovuti yetu. Tafadhali tumia nambari ya kitambulisho. Kenya hii kina John Mwangi na Fatuma Ali ni wengi, na kuona jina linalofanana na lako si ushahidi wa chochote. Hata hivyo, akaunti za zamani huleta shida kwa upande mwingine: mama alifungua akaunti kwa jina la ubini kabla ya kuolewa, au karani aliandika Nyambura kwa "i" mahali pa "y". Hapo lete hati inayounganisha majina mawili, kama cheti cha ndoa au hati ya kiapo.

Kwa pesa za simu, tunayemtambua ni mtu ambaye laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukitumia miaka mingi laini iliyosajiliwa na shemeji yako, kwetu sisi salio ni la shemeji. Na aliyeuziwa nambari iliyowahi kuwa ya mtu mwingine hana dai juu ya salio la yule wa kwanza.

Kazi kubwa iko kwenye mali za marehemu. Watoto huja na cheti cha kifo na barua ya chifu, kisha hukasirika wakiambiwa hazitoshi. Barua ya chifu huwataja warithi tu, na ndiyo mwanzo wa safari ya mirathi. Ombi hupelekwa mahakamani, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Msimamizi wa mali ya marehemu akishateuliwa na mahakama, kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya kuomba uteuzi wake uthibitishwe, ingawa mahakama ikiridhika inaweza kufupisha muda huo. Tunachohitaji ni cheti cha uthibitisho huo, chenye kuonyesha nani anapata nini. Mali ikiwa ndogo, ulizeni kwanza katika ofisi ya Mdhamini wa Umma, afisa wa serikali anayesimamia mali za marehemu. Inaweza kuwapunguzia gharama.

Ndiyo, ni safari ndefu. Lakini wanaoikwepa kwa kutoa pesa kwa kadi ya marehemu, eti kwa sababu wanajua nambari ya siri, wajue kwamba kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi kinaliita hilo kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Nia njema ya kulipia jeneza si kinga.

Kwa aliye hai na mwenye pesa zake, dai ni fomu iliyojazwa, nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa kodi), ushahidi wa umiliki na nambari ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe. Jina la mume, binti au "mtu wangu wa kuaminika" halikubaliwi. Fomu itiwe saini mbele ya kamishna wa viapo; isiyo na muhuri wake itarudishwa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Sheria inatupa siku 90 kuamua dai. Anayepiga simu siku ya tatu kuuliza kama pesa zimetumwa ataambiwa bado.