Juisi mbichi ya nanasi haifai kwa pipi za jeli

Wazazi wengi wanaotengeneza pipi za jeli nyumbani huamini kwamba juisi ya nanasi au papai isiyopikwa ndiyo bora kwa mtoto. Pipi zisipoganda, huongeza jelatini, yaani unga wa kuzigandisha. Kuongeza hakusaidii. Nanasi, papai na hata tangawizi mbichi vina vimeng'enya vinavyokatakata protini, na jelatini ni protini.

Dawa yake ni moto, unaoharibu vimeng'enya hivyo. Chemsha juisi peke yake dakika 5, ichuje, iache ipoe kabisa. Vitamini C itapungua, lakini haitaisha yote. Kwa kikombe kimoja (mililita 240), nyunyiza juu vijiko vikubwa 3 vya unga wa jelatini usio na sukari, uache dakika 10 ulowe. Ukiutia kwenye juisi ya moto moja kwa moja utapata madonge. Kisha pasha kwa moto mdogo ukikoroga hadi uyeyuke, bila kuchemka, kwa sababu kuchemka hudhoofisha mgando. Epua, tia kijiko kimoja cha asali, mimina kwenye vikalibu, weka kwenye friji saa 2.

Asali nayo ni sukari, kwa hiyo usizidishe. Na mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa. Walio chini ya miaka 4 wanaweza kupaliwa na pipi zinazonata, basi wape tunda lenyewe.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa huzilegeza ndani ya mkoba wa shule. Za kubeba, tumia unga wa agari wa mwani: ukishaganda, hauyeyuki mpaka karibu nyuzi 85, ila pipi hukatika badala ya kuvutika.