Karatasi ya kura iliuliza "nani", sisi tunaisoma kama iliuliza "nini"

Kila uchaguzi, matokeo hayajamalizika kutangazwa, tayari yameshapata tafsiri. Aliyeshinda anasema wananchi wameridhia tozo ya maegesho, mpango wa taka na stendi mpya. Aliyeshindwa anasema wananchi wamerubuniwa. Mchambuzi wa studioni, akiishiwa maneno, husema "wananchi wameongea". Wameongea, sawa. Ila karatasi waliyopewa ilikuwa na majina ya watu na alama za vyama. Maegesho, taka na stendi hazikuwemo.

Hizi ni dhana zinazojirudia kila baada ya uchaguzi, na kinachojulikana kuhusu kila moja.

Dhana: "Wameshindwa kwa sababu ya sera ile, kila mtu anajua."

Uxbridge nako kila mtu alijua. Tarehe 20 Julai 2023 jimbo hilo la pembezoni mwa London lilifanya uchaguzi mdogo baada ya Boris Johnson kujiuzulu ubunge. Chama chake cha Conservative kilibaki na kiti kwa tofauti ya kura 495 tu. Kabla hakujapambazuka, maelezo yalikuwa yamekamilika: wananchi wameikataa ULEZ, tozo ya pauni 12.50 kwa siku kwa magari yanayotoa moshi mchafu, ambayo meya wa London, Sadiq Khan wa chama pinzani cha Labour, alikuwa anakaribia kuipeleka hadi mitaa ya nje ya jiji.

Ukweli: tazama namba kabla ya kutazama hadithi. Mwaka 2019 Johnson alishinda hapo kwa tofauti ya kura 7,210. Kutoka 7,210 hadi 495, chama kilichodaiwa kubebwa na hasira dhidi ya ULEZ ndicho kilichoporomoka. Waliojitokeza nao walipungua, kutoka takriban asilimia 68 ya waliojiandikisha hadi 46 hivi, kwa hiyo hata neno "wananchi" linahitaji kushikwa kwa uangalifu. Na kuna jambo ambalo wengi walilipita: mgombea wa Labour mwenyewe, katikati ya kampeni, alitamka kwamba huo haukuwa wakati wa kuipanua ULEZ. Mkazi aliyeitaka tozo ile angempigia nani kati ya wawili hao wakubwa?

Nisieleweke vibaya. Siku hiyohiyo, huko Selby kaskazini mwa Uingereza, Labour ilifuta tofauti ya zaidi ya kura 20,000 na kuchukua kiti. Uxbridge mhamo wa kura ulikuwa mdogo zaidi kwa mbali, na inawezekana kabisa kwamba ULEZ ndiyo iliyoinyima Labour zile kura mia chache zilizopungua. Lakini "sera hii iliwapunguzia wapinzani kasi katika jimbo moja" ni kauli tofauti kabisa na "watu wa London wameikataa sera hii". Ya kwanza ina ushahidi kiasi. Ya pili ilitungwa usiku wa matokeo.

Mei 2024 Khan aligombea tena umeya dhidi ya Susan Hall wa Conservative, aliyeahidi kuufuta upanuzi huo siku yake ya kwanza ofisini. Khan akashinda kwa takriban asilimia 44 dhidi ya 33. Waungaji mkono wa tozo nao wakarukia kosa lilelile: "mnaona, London inaipenda ULEZ!" Hapana. Conservative walikuwa wamechokwa nchi nzima, na baadhi ya maeneo ya nje ya jiji yalimpa Hall ushindi. Ukikataa kuisoma Uxbridge kirahisi, huna budi kukataa na hii.

Dhana: "Aliyepata kura nyingi ndiye ambaye sera zake zinaungwa mkono na wengi."

Hii inaonekana haihitaji hata kujadiliwa, na ndiyo maana inafaa kuhesabiwa kwa vidole. Chukua wapiga kura 100, vyama viwili, Mwezi na Nyota, na mambo matatu: maji, taka, barabara. Kundi la kwanza la watu 20 linaafikiana na Nyota kwenye maji, lakini na Mwezi kwenye taka na barabara. Kundi la pili la watu 20 liko na Nyota kwenye taka tu. La tatu, nalo la watu 20, liko na Nyota kwenye barabara tu. Wote hawa 60 wanachagua Mwezi, maana ndicho chama wanachokubaliana nacho katika mambo mawili kati ya matatu. Waliobaki 40 wako na Nyota katika yote matatu.

Mwezi anashinda 60 kwa 40, ushindi wa kishindo. Sasa uliza kuhusu maji peke yake. Walio na Nyota ni wale 20 wa kundi la kwanza pamoja na wale 40: jumla 60. Taka? Sitini. Barabara? Sitini. Aliyeshinda ana wachache katika kila jambo, bila kura hata moja kuibwa. Kitendawili hiki kimeitwa kwa jina la Moisei Ostrogorski, mchambuzi wa vyama vya siasa mzaliwa wa Dola ya Urusi. Waliokipa jina hilo walikuwa wanataaluma wawili mwaka 1976.

Na hapo tumemdhania kila mpiga kura anayapima mambo yote kwa uzito mmoja. Katika maisha halisi mmoja anajali maji tu, mwingine hajui hata chama kimesema nini kuhusu taka, wa tatu anapiga mafiga matatu kutoka juu hadi chini bila kuangalia jina la diwani.

Dhana: "Mtu hawezi kumchagua mgombea halafu apinge sera yake."

Anaweza, na anaweza kufanya hivyo ndani ya dakika moja katika chumba kilekile cha kupigia kura. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Stockholm. Kabla ya uchaguzi wa 2002, Annika Billström wa chama cha Social Democrats, aliyetaka kuongoza jiji, aliahidi kwamba hakutakuwa na tozo ya msongamano wa magari. Akashinda, kisha mazungumzo ya kuunda serikali ya kitaifa yakaileta tozo ileile. Ilijaribiwa kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai 2006, katikati ya manung'uniko. Foleni zikapungua, na watu waliokuwa wakiilaani wakaanza kubadilika.

Tarehe 17 Septemba 2006 wakazi wa jiji walipewa kura mbili kwa siku moja: uchaguzi, na kura ya maoni kuhusu tozo. Kwenye kura ya maoni, waliosema ndiyo walizidi nusu kidogo. Kwenye uchaguzi, Billström aliangushwa, na jiji likaenda kwa muungano wa vyama vya mrengo wa kulia ulioipinga tozo. Kama isingekuwepo ile karatasi ya pili, gazeti gani lisingeandika kwamba Stockholm imeikataa tozo? Kisha serikali mpya ya kitaifa, iliyotoka kambi ya wapinzani wa tozo, ndiyo iliyoirudisha rasmi tarehe 1 Agosti 2007.

Ukidhani ni ya Wasweden tu, Florida mnamo Novemba 2020 ilimpa Donald Trump ushindi kwa takriban asilimia 51, na siku hiyohiyo karibu asilimia 61 wakaidhinisha kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa, jambo ambalo gavana wa chama chake alilipinga hadharani.

Dhana: "Basi turudi kwenye kura ya maoni, hapo mwananchi anasema moja kwa moja."

Inasaidia, kama tulivyoona. Lakini swali linalofuata ni mwananchi yupi. Tarehe 2 Aprili 2023 Paris iliuliza wakazi kama skuta za umeme za kukodi ziendelee. Asilimia 89 wakasema ziondoke, na zikaondoka kabla ya Septemba. Waliopiga kura hawakufika asilimia 8 ya waliojiandikisha, na ilibidi kufika kituoni kwa miguu yako. Kijana anayepanda skuta na mzee aliyechoka kuzikwepa kwenye njia za waenda kwa miguu hawakuwa na msukumo sawa wa kuamka Jumapili ile. Uamuzi ulikuwa halali. Kusema umetangaza mawazo ya Paris nzima ni kuvuka mpaka.

Dhana: "Ramani ya matokeo inaonyesha nani anafikiri nini."

Kata zenye magari mengi zimempigia mpinzani wa tozo. Basi wenye magari ndio waliompigia. Inaingia akilini, na inaweza kuwa uongo mtupu. Mwaka 1950 mtafiti W. S. Robinson, akitumia sensa ya Marekani ya 1930, alionyesha kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wachache wasiojua kusoma. Je, wahamiaji walikuwa wasomi kuliko wenyeji? Kinyume chake: mhamiaji mmoja mmoja alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma. Walihamia tu kwenye majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma zaidi. Kata haipigi kura. Katika kata ya wenye magari, kura za hasira zinaweza kuwa za wale wasio na gari waliochoka kusubiri basi.

Dhana: "Wingi wa viti ni wingi wa ridhaa."

Fupi: Julai 2024 Labour ilipata karibu theluthi mbili ya viti vya bunge la Uingereza kwa takriban asilimia 34 ya kura.

Dhana: "Tuwaulize wanapotoka kituoni, watatuambia."

Watatuambia kile tulichowaorodheshea. Baada ya uchaguzi wa urais wa Marekani wa 2004, waliohojiwa wakitoka vituoni walipewa orodha ya mambo saba wachague lililowasukuma zaidi. "Maadili" yakaongoza kwa asilimia 22, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilizungumzia mpiga kura wa maadili. Orodha hiyohiyo ilikuwa na ugaidi kwa asilimia 19 na Iraq kwa 15, vikiwa vipengele viwili tofauti. Viunganishe kuwa kimoja, usalama, na kinaongoza kwa mbali. Tena neno maadili ni gunia: kila mtu hutia humo alicho nacho.

Kuna tatizo jingine, gumu zaidi. Watu wengi humpenda mgombea kwanza, halafu huchukua msimamo wake kuhusu jambo ambalo jana hawakuwa na msimamo nalo. Ukiwauliza leo, wanakubaliana naye kwa dhati. Lakini sera haikuvuta kura. Kura ndiyo iliyovuta sera.

Dhana: "Kwa hiyo uchaguzi hausemi lolote kuhusu sera za mahali."

Nao huu ni uvivu, ila wa upande wa pili. Uchaguzi husema kwa sauti nzuri pale wagombea wanapotofautiana waziwazi kwenye jambo husika, pale mtaa mmoja umeguswa na sera na jirani yake haujaguswa na kura za kabla na baada zinaweza kulinganishwa, au pale kuna mtihani wa pembeni kama Stockholm. Husema pia kwa woga unaowekwa kwa viongozi: meya anayejua atarudi kuomba kura huziba mashimo ya barabara hata kama hakuna karatasi itakayomuuliza kuhusu mashimo. Na wapiga kura wengi hawapimi sera, wanapima hali. Taka zimerundikana, foleni ni ndefu, basi mwenye ofisi aondoke. Hiyo ni hukumu ya haki, lakini haimwambii mrithi wake azoe taka kwa njia gani.

Tafsiri iliyokosewa nayo ina nguvu. Zile kura 495 za Uxbridge ziliwashawishi viongozi wa Conservative kwamba kupunguza masharti ya mazingira kunalipa. Tarehe 20 Septemba 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alisogeza marufuku ya kuuza magari mapya ya petroli na dizeli kutoka 2030 hadi 2035. ULEZ yenyewe ilipanuliwa tarehe 29 Agosti 2023 kama ilivyopangwa, na katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024 Labour ikatwaa Uxbridge, tozo ikiwa palepale.