Windows Home au Pro: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Ukienda kununua laptop ya mtumba Kariakoo, au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utasifiwa mambo mawili kwa pumzi moja: ina SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na ina Windows Pro. Sifa ya kwanza utaiona mwenyewe mashine ikiwaka. Ya pili huingizwa kwenye bei, na wengi hulipa bila kujua wamelipia nini. Windows 10 na Windows 11 zote zina matoleo haya mawili, Home na Pro, na tofauti yake haihusu nguvu ya mashine. Inahusu nani anaisimamia: wewe peke yako, au ofisi yenye mashine nyingi zinazotakiwa kufuata kanuni moja.

"Pro ina kasi kuliko Home"

Si kweli. Ni mfumo uleule, na kiini chake ni kilekile. Ufunguo wa leseni ndio unaoamua vipengele gani vifunguliwe, na ndiyo maana kupanda kutoka Home kwenda Pro ni kazi ya dakika chache na kuwasha upya mara moja.

Tofauti iliyopo ni ya ukomo. Home hutumia RAM isiyozidi GB 128 na prosesa moja kwenye ubao mama. Pro hufika TB 2 na prosesa mbili. Laptop nyingi zina GB 8 au 16, kwa hiyo ukomo huo hutaugusa. Mashine ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku hujafungua kitu, mara nyingi ndani kuna diski ya kuzunguka badala ya SSD, au RAM ni GB 4 na mfumo unaazima nafasi kwenye diski kila sekunde. Fedha ya Pro ingenunua SSD, na tofauti ungeiona siku hiyohiyo.

"Home haina ulinzi, mwizi akiibeba anasoma kila kitu"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu nyingine ndiyo inayowaumiza watu.

Kingavirusi cha Defender, ukuta wa moto, Secure Boot (ukaguzi wa programu mashine inapowaka) na kuingia kwa alama ya kidole ni vilevile kwenye matoleo yote mawili. Kinachotofautiana ni kusimba diski, yaani kuzifanya data zisisomeke bila ufunguo. Pro ina BitLocker kamili: unachagua diski ipi isimbwe, unaongeza PIN ya kuulizwa kabla Windows haijawaka, na unaweza kusimba hata flashi. Home haina uwanja huo wa kuchagua. Inaweza kuifungua flashi iliyosimbwa kwingine ukiwa na nenosiri lake, lakini haiwezi kuisimba yenyewe.

Hata hivyo Home ina usimbaji wake mwepesi uitwao Device Encryption. Kwenye mashine yenye chipu ya TPM, inayotunza funguo, na Secure Boot, hujiwasha unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Tangu Windows 11 toleo la 24H2 masharti yamelegezwa, kwa hiyo mashine nyingi zinazopigwa Windows upya husimbwa kimyakimya, mwenyewe hana habari.

Balaa huanza siku fundi anapobadilisha ubao mama au kusasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Mashine inawaka na skrini ya buluu, inadai ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Hakuna fundi anayeweza kuupita ukuta huo. Usipokuwa na ufunguo, picha na hesabu zako zimekwenda.

Basi fanya hivi leo, uwe na Home au Pro. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika `manage-bde -status C:`, na usome mstari wa Protection Status. Ukiandikwa Protection On, andika `manage-bde -protectors -get C:`. Zile tarakimu 48 zitatokea. Zinakili kwenye karatasi na uiweke mbali na laptop. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo pia umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo, kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey. Shida ni pale akaunti iliyotumika ni ya fundi aliyekuwekea Windows, nawe huijui hata barua pepe yake. Fundi asikufungulie mashine kwa akaunti yake hata kwa siku moja.

Diski ikiwa imesimbwa asilimia 100 lakini Protection Status ni Off, huenda uliingia kwa akaunti ya ndani, isiyo ya Microsoft. Ufunguo uko wazi kwenye diski yenyewe, kwa hiyo mwizi hajazuiwa na kitu.

"Ukitumia Home ofisini unavunja sheria"

Dhana hii inatokana na Office. Ile Office ya Home and Student ndiyo iliyokatazwa kwa kazi za biashara, watu wakadhani neno Home kwenye Windows lina maana hiyohiyo. Leseni ya Windows Home haikatazi duka, kliniki au ofisi ya mhasibu kuitumia. Inaruhusu hata vifaa vingine hadi 20 viunganishwe na mashine yako kwa ajili ya mafaili na printa. Ofisi ya watu wanne wanaogawana folda moja na printa moja inatosheka na Home.

Pro inahitajika pale ambapo mashine lazima ziingizwe kwenye domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamia mashine na akaunti zote kutoka sehemu moja, au zisimamiwe kwa Entra ID na Intune, huduma za Microsoft za kazi hiyo kupitia intaneti. Home haiingii domeni kwa njia yoyote. Mwajiri wako akikuomba uunganishe laptop yako na mfumo wa ofisi, muulize kwanza: anataka iingie domeni, au anataka tu ufungue barua pepe na Teams? Hilo la pili linawezekana kwenye Home.

Kuna pia gpedit, dirisha la kuweka sera, yaani kanuni za mashine, ambalo Home haina. Mitandaoni kuna faili za kulipachika kwenye Home. Dirisha litafunguka kweli, lakini baadhi ya sera Home haizitii, nawe utabaki ukidhani umezuia kitu ambacho hakijazuiwa. Hilo ni baya kuliko kukosa dirisha lenyewe.

"Bila Pro siwezi kufanya kazi kwa mbali"

Tenganisha pande mbili. Kutoka kwenye Home unaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa Remote Desktop. Kisichowezekana ni mashine ya Home kupokea mgeni. Kwa hiyo ikiwa mashine ya ofisini ndiyo yenye Pro, laptop ya nyumbani yenye Home inatosha kabisa. Na kama shida ni kumsaidia mzazi aliye mbali, Quick Assist imo kwenye matoleo yote mawili.

Ukiwa na Pro upande wa kupokea, jua vikwazo vyake. Hupokea mtu mmoja kwa wakati. Ukiingia kwa mbali, skrini ya aliyeketi pale hujifunga. PIN ya kufungulia laptop haifanyi kazi kupitia mtandao, unahitaji nenosiri lenyewe, na akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa. Kikubwa zaidi: usifungue mlango (port) namba 3389, ule wa Remote Desktop, kwenye ruta ili uingie kutoka nje. Milango hiyo husakwa na roboti usiku na mchana, na wanaofunga mafaili ya watu na kudai fidia hupenda kupitia hapo. Tumia VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi.

"Pro inakuwezesha kuzima masasisho, bando lisiishe"

Matoleo yote mawili yanaruhusu kusitisha masasisho kwa wiki tano tu. Pro inaongeza uwezo wa kuahirisha kwa sera: masasisho ya vipengele hadi siku 365, ya usalama hadi siku 30. Huko ni kuahirisha, si kuzima.

Kama kinachokuuma ni bando, dawa iko kwenye Home pia. Ingia Settings, Network & internet, chagua Wi-Fi yako au hotspot ya simu, fungua sifa zake, kisha washa Metered connection. Windows itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Mara moja kwa mwezi nenda penye intaneti ya bei nafuu, uzime kitufe hicho na uiache ishushe zote. Kusahau hatua hii ya mwisho kunaiacha mashine na matundu ya usalama.

"Kupanda kwenda Pro kunafuta mafaili"

Hakufuti. Kushuka kutoka Pro kwenda Home ndiko kunakodai kupiga Windows upya. Kwenye duka la Microsoft la Marekani kupanda kunauzwa karibu dola 100.

Kuna mtego mmoja. Laptop nyingi za tangu Windows 8 zina ufunguo uliochomwa ndani ya BIOS. Ukiwa umepanda kwenda Pro kisha ukapiga Windows kwa flashi, kisakinishi hakitakuuliza: kinasoma ufunguo wa BIOS na kuweka Home. Watu hudhani leseni yao ya Pro imepotea, wanainunua tena. Ingiza tu ufunguo wako wa Pro kwenye Settings, System, Activation.

"Imeandikwa Activated, basi leseni ni halali"

Hili ndilo linalowagharimu wanunuzi wa mtumba. Laptop nyingi sokoni zilitumika kwenye makampuni ya Ulaya na Dubai, na wauzaji wengi huzipiga Windows upya kwa haraka. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `slmgr /xpr`, kisha Enter. Kijidirisha kitatokea. Kikisema permanently activated, endelea na hatua ifuatayo. Kikitaja tarehe ya kuisha, mashine iko kwenye leseni ya jumla ya KMS, inayodumu siku 180 na kuhitaji seva ya kampuni ili kujihuisha. Seva hiyo wewe huna. Ama mashine iliachwa na leseni ya kampuni, ama mtu aliweka programu inayojifanya seva ndani ya mashine yenyewe. Programu za namna hiyo hutaka kingavirusi kizimwe kwanza, na huwezi kujua nini kingine kiliingia mlango ukiwa wazi.

Kisha andika `slmgr /dli`, usome mstari wa Description. OEM_DM ni leseni iliyokuja na mashine na hufa na ubao mama. RETAIL ni ya dukani, unaweza kuihamisha. VOLUME_MAK ni ufunguo wa shirika. Zinazouzwa bei ya kutupa mitandaoni mara nyingi ni hizi, na siku moja hufungiwa.

Kujua kama mashine ilizaliwa na ufunguo wake, fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, uandike `(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`. Zikitokea herufi 25, ina ufunguo wake wa kiwandani, na ukipiga Windows safi kwa kawaida itajiamilisha kwa toleo la ufunguo huo. Kisipotokea kitu huku muuzaji anasisitiza ni "Pro original", akuonyeshe ufunguo alioununua.

Kabla ya kulipa, omba laptop iwekwe upya mbele yako, na iunganishwe na Wi-Fi au hotspot yako wakati wa kuianzisha. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazi, bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo, na kampuni hiyo tu ndiyo inayoweza kuifuta. Kwenye meza ya muuzaji bila intaneti, kasoro hii haionekani.