Msanii akigusa siasa havunji sheria

Hapa Kisumu utaambiwa na watu wazima, kwa nia njema kabisa: "Msanii kazi yake ni kuburudisha. Akigusa siasa atashikwa, sheria ndivyo ilivyo." Nimeyasikia tangu utotoni. Sheria sivyo ilivyo. Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Inachokataza ni propaganda za vita, uchochezi wa ghasia na kueneza chuki. Kumkosoa kiongozi hakumo.

Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama, na mchezo unaokosoa uongozi. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaagiza waruhusiwe kuigiza. Bado vitoa machozi vilirushwa. Wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, na iliniuma sana. Kilichowazuia ni watu wenye mamlaka. Katiba ilikuwa upande wa wasichana.

Wala kukosoa kwa sanaa si mtindo wa vijana wa leo. Mtazame mpiga nyatiti, ala ya jadi ya Waluo: vidole kwenye nyuzi nane, pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mbao. Humsifu mwenyeji, kisha, wimbo uleule, humkemea.