Je, wajua? Mdudu afananaye na mbu haumi, ila mtoto wake ni mwindaji

Magharibi ikiingia Pemba, hasa kwenye nyumba zilizo karibu na mabonde ya mpunga, taa ikiwashwa tu ukuta hujaa vidudu vyembamba vya miguu mirefu. Watu huvua kandambili wakaanza kuvipiga wakidhani ni mbu. Lakini wengi wao huenda wasiwe mbu kabisa, bali wadudu wa jamii iitwayo Chironomidae, wafananao na mbu ila hawaumi.

Sababu ya kutouma iko mdomoni. Mbu jike ana mrija mrefu uliochomoza mbele ya kichwa, ndio anaotobolea ngozi. Mdudu huyu wa Chironomidae hana mrija huo. Akishakuwa na mbawa huishi siku chache tu, akiramba utamu wa maua au asile kitu, kazi yake ni kupandana na kutaga mayai. Mtazame akitua: mara nyingi huinua miguu ya mbele, wakati mbu wengi huinua ya nyuma. Wapo wenye madoa mbawani na miguu ya mistarimistari, na hao ndio wanaouawa bure zaidi.

Kula kwake kulikuwa utotoni, majini. Chota tope la bondeni kwa kata, limwage kwenye sahani nyeupe, kisha ngoja maji yatulie. Ukiona vifunza vyekundu kama uzi, hao ni jamaa zake. Wekundu wao ni hemoglobini, kama ya damu yetu, inayowasaidia kupata oksijeni ndani ya tope ambamo hewa ni haba. Wengi wao hujifumia vijumba vya nyuzi na tope, wakakaa humo wakila mabaki ya mimea.

Jamii hii yote ya Chironomidae ina aina zaidi ya 5,000 duniani, na ndani yake limo kundi liitwalo Tanypodinae. Mtoto wa kundi hili hajengi nyumba. Huzurura topeni kwa miguu laini mirefu kama magongo, akitafuta windo. Vipapasio vyake huweza kuvirudisha ndani ya kichwa, kama konokono anavyoficha pembe zake, jambo ambalo jamaa zake wengine hawaliwezi. Akiwa mchanga sana hula miani na mabaki. Akikua kidogo hugeuka mla nyama. Hukamata vinyoo, viduduchembe vya majini na vifunza wa jamii yake, wengine akiwameza wazima.

Tusimtegemee kumaliza malaria, maana yeye hukaa chini topeni, na viluwiluwi vya mbu huvuta hewa juu ya maji. Lakini huko chini hachezewi. Wachunguzi wakipasua utumbo wake na kuutazama kwa hadubini, hukuta vichwa vya windo vikiwa vizima, kwa kuwa gamba gumu la kichwa halisagiki. Kwa vichwa hivyo humjua aliyeliwa, na mara nyingi ni kifunza wa jamii yake mwenyewe.